Ajali na Magonjwa Yatokanayo na Kazi Wilayani Manyoni: Mwelekeo, Sababu na Namna ya Kuyahesabu

1. Maana na mipaka ya mada

Ajali kazini na ugonjwa utokanao na kazi vina chanzo kimoja lakini mwendo wake ni tofauti. Ajali hutokea kwa dakika: kifusi kinaporomoka, mkanda wa mashine unanasa kiganja, fundi anateleza kwenye jukwaa la ujenzi. Waliokuwapo wote huiona, na siku yake hukumbukwa. Ugonjwa hujengeka kwa miaka. Vumbi huingia kifuani kidogo kidogo, sumu hupenya kwenye ngozi, mgongo huchakaa kwa mizigo. Ugonjwa unapojitokeza, mgonjwa pengine ameshaiacha kazi iliyomdhuru na amerudi kijijini kwake, na anayempima hana sababu ya kumuuliza alikuwa akifanya nini miaka kumi iliyopita.

Mada hii inaeleza hali ya mambo hayo mawili wilayani Manyoni. Hoja yake ni moja: shughuli za uzalishaji zimebadilika haraka, na hatari zimebadilika pamoja nazo, lakini namna ya kuyataja na kuyaandika madhara haijabadilika. Jambo lisiloandikwa kwa jina lake halihesabiki, na lisilohesabika halipangiwi bajeti wala mkaguzi.

2. Picha ya dunia

Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha kuwa watu wapatao milioni 2.93 hufariki kila mwaka kutokana na kazi. Kati yao, vifo vya ajali ni takribani 330,000. Vilivyobaki, takribani milioni 2.6, husababishwa na magonjwa. Wanaoumia bila kufa hukadiriwa kuwa milioni 395 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inapingana na mazoea ya wengi. Usalama kazini unapotajwa, kinachokuja akilini ni kofia ngumu na jeraha linalovuja damu. Kumbe kwa kila kifo kimoja cha ajali kuna vifo karibu vinane vya magonjwa ambayo chanzo chake ni kazi: magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, saratani, na magonjwa ya mfumo wa upumuaji. Utafiti wa pamoja wa ILO na Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo vipatavyo 745,000 mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Dereva wa lori anayekesha usukani akipita Manyoni kuelekea kanda ya ziwa yumo ndani ya kundi hilo, hata kama hajawahi kupata mkwaruzo.

Juni 2022, mkutano mkuu wa ILO uliiingiza haki ya mazingira salama na yenye afya katika kanuni za msingi za kazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi za kulazimishwa.

3. Sheria na taasisi nchini

Tanzania Bara ilirithi sheria mbili za enzi ya ukoloni: ya fidia ya mwaka 1949 na ya viwanda ya mwaka 1950. Sheria ya viwanda ililinda zaidi mtu aliye ndani ya kiwanda, wakati walio wengi walikuwa mashambani. Sheria ya fidia ilipitwa na wakati kiasi kwamba malipo ya juu kabisa yalikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2001 ulianzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5, inayogusa kilimo, ujenzi, ofisi na biashara. Sheria hiyo inataka kila eneo la kazi lisajiliwe, na wafanyakazi wapimwe afya ili kujua kama wanafaa kwa kazi husika. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuwa na mwakilishi wa usalama na afya.

Kwa upande wa fidia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Waajiri walianza kuchangia Julai 2015, na mafao yakaanza kulipwa mwaka uliofuata. Mwanzoni sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5, tangu Julai 2022 wote wanachangia asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba za kazi, na madai hupaswa kufikishwa ndani ya miezi 12.

Sheria na taasisi hizi zimejengwa vizuri. Tatizo ni nani anayezifikia, kwa kuwa mlango wa kuingilia ni mkataba wa ajira.

4. Manyoni: kazi zilivyobadilika

Nchi ya Manyoni inajua kazi nzito tangu zamani. Vichaka vyake vilikuwa sehemu ya Mgunda Mkali, pori lililoogopwa na wapagazi wa misafara kati ya Ugogo na Unyamwezi kwa kiu, njaa na mizigo. Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na Manyoni ikawa kituo na baadaye njia panda ya reli ya Singida. Hata hivyo, kwa vizazi vingi kazi kuu ilibaki kilimo cha jembe la mkono, ufugaji na urinaji wa asali. Madhara yake yalikuwa ya jembe, pembe ya ng'ombe, nyuki na nyoka.

Sasa shughuli zimeongezeka. Kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu, machimbo ya Londoni yakiwa mfano unaojulikana, na uchimbaji wa jasi Itigi, madini ambayo viwanda vya saruji huyahitaji ili saruji isigande haraka mno. Reli ya kisasa imefika Makutupora, na mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Masigati kuna mashamba makubwa ya pamoja ya korosho. Mashine za kukamua alizeti na bodaboda zimeenea hadi vijijini.

4.1 Dhahabu

Uchimbaji mdogo ndipo penye hatari nyingi katika eneo dogo. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likichimbwa bila matimba ya kutosha, kuta hulegea, hasa masika. Mikasa ya kitaifa inafundisha. Machi 2008 maji ya mvua yaliingia migodini Mererani na kuua wachimbaji zaidi ya 60. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangarata, Kahama, na watano walitolewa hai baada ya siku 41. Januari 2024 kifusi kiliua watu 22 Ng'alita, wilayani Bariadi.

Hatari za kimya ziko juu ya ardhi, kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Mawe yaliyotoka shimoni hupondwa kwa nyundo, mara nyingi na kina mama waliokaa chini, watoto wakiwa karibu. Kisha hupelekwa kwenye karasha na kusagwa kuwa unga laini. Mwenye kulisha mashine hujifunga kitambaa puani, na jioni nyusi zake huwa nyeupe kama za mtu aliyetoka mashine ya kusaga sembe. Kitambaa huzuia chembe kubwa zinazokera pua. Chembe za silika zinazoharibu mapafu ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na hupenya. Zikifika ndani hutengeneza makovu yasiyofutika; huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, inayojulikana kwa kutibu kifua kikuu, imekuwa pia kituo cha kuchunguza mapafu ya wachimbaji wa Mererani.

Hatua ya mwisho ni zebaki. Huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge lake huunguzwa juu ya moto ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki haipotei, inageuka mvuke unaovutwa na waliozunguka moto. Madhara yake ni mikono kutetemeka, kupoteza kumbukumbu, figo kuharibika, na hatari kwa mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Retoti, chombo cha kufunika donge na kuirudisha zebaki katika hali ya maji, hupunguza mvuke kwa kiasi kikubwa na humrudishia mchimbaji zebaki aliyoinunua.

4.2 Korosho, alizeti na barabara

Mikorosho hushambuliwa na ubwiriunga, na kinga iliyozoeleka ni salfa ya unga. Kazi hufanyika alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Mpulizaji hubeba mgongoni mashine yenye injini inayonguruma karibu na masikio, na wingu la njano humrudia kila upepo unapogeuka. Macho huwasha na kifua hubana. Wengi hujikinga kwa kanga au fulana, na hunawa baada ya kurudi nyumbani, wakiwa wamekwisha kuibeba salfa hadi kwa watoto.

Kwenye mashine za kukamua alizeti hatari kuu ni mikanda na magurudumu yasiyofunikwa. Ni ajali ya sekunde moja, na inazuilika kwa kipande cha wavu wa chuma anachoweza kukichomelea fundi yeyote wa mjini Manyoni. Katika ujenzi, hatari inayotangulia ni kuanguka kutoka juu. Kwa bodaboda na madereva, hatari ni uchovu, mwendo na giza.

5. Kwa nini hesabu haionyeshi hali halisi

Sababu ya kwanza ni majina yanayofuta kazi. Bodaboda aliyegongwa akiwa na abiria huandikwa hospitalini na polisi kuwa majeruhi wa ajali ya barabarani. Haandikwi kuwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Mchimbaji mwenye silikosisi huandikwa kifua kikuu, hupewa dawa za miezi sita, na asipopona hudhaniwa hakumeza vidonge. Mkulima aliyevuta sumu huandikwa pumu au tumbo. Watatu hao wote wameumizwa na kazi, na daftari halina hata mmoja.

Sababu ya pili ni sura ya ajira. Katika machimbo madogo, wanaoshuka shimoni mara nyingi hawalipwi mshahara. Hugawiwa mifuko ya mawe duara linapotoa. Mgao huo hauna mkataba wala mchango kwa WCF, kwa hiyo jeraha lao haliingii kwenye takwimu za fidia. Vibarua wa msimu mashambani wako katika hali hiyo hiyo.

Sababu ya tatu ni woga na mazoea. Mwajiri anahofia faini, kibarua anahofia kukosa kazi kesho, na familia huona msiba kuwa mipango ya Mungu. Kumshukuru Mungu na kuandika taarifa havipingani.

Kutokana na hayo, takwimu za madai zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Madai yakiongezeka katika eneo fulani, huenda watu wameanza kujua haki yao, hata kama hatari haijaongezeka. Eneo lisilo na taarifa kabisa ndilo la kukaguliwa kwanza.

6. Mapendekezo

Kwanza, hospitali za wilaya hii, ikiwemo Mtakatifu Gaspar ya Itigi, pamoja na vituo vya afya na zahanati, ziandike kazi ya sasa na kazi za zamani za kila mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, jeraha au dalili za sumu.

Pili, kila duara, karasha na mashine ya kukamua iwe na daftari la matukio, yakiwemo yale ambayo mtu alinusurika. Timba lililovunjika bila kuua mtu leo ni onyo la kesho.

Tatu, kinga ianzie kwenye chanzo: maji wakati wa kuchoronga na kuponda mawe, retoti kwenye moto, wavu kwenye mikanda. Barakoa na glavu zifuate baada ya hapo.

Nne, vikundi vya wachimbaji, bodaboda na wakulima wa korosho visaidiwe kujisajili, ili mkaguzi wa OSHA, ofisi ya madini na WCF wapate wa kuzungumza naye.

Tano, halmashauri za Manyoni na Itigi zitumie Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, kusoma hadharani hesabu ya mwaka ya walioumia na waliougua.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha wala sheria mpya. Inahitaji mganga wa zahanati amuulize kila anayekohoa swali moja, na aandike jibu lake: umefanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?