Kazi ya Kutunza Vitabu

Leo twende katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanzishwa mwaka 1961.

Kitabu kipya hakiwekwi rafuni mara moja. Kwanza hupigwa muhuri. Kisha huandikwa katika orodha, ambayo siku hizi imo katika kompyuta. Halafu hupewa namba, nayo hubandikwa mgongoni. Kitabu kisicho na namba ni kama mgeni asiye na anwani: yumo mjini, lakini hapatikani.

Je, ukurasa ukichanika? Wengi hukimbilia selotepu. Msifanye hivyo! Baada ya miaka gundi yake hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Fundi wa vitabu hutumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Gundi hiyo huweza kutolewa kwa maji kidogo.

Vitabu vingine havichapwi tena. Kikiharibika kimoja, hata mwenye fedha hakipati. Basi kitabu cha kuazima kikichanika mikononi mwako, usikifiche wala usikibandike. Kirudishe, useme.

Maswali:
1. Namba hubandikwa wapi?
2. Kwa nini selotepu haifai?