Sheria ya Mbuzi ya Nazi

Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliouza ng'ombe na viwanja, na ninyi madaktari wapya: hongereni sana.

Nimepewa dakika 5. Nitaongea habari za nazi.

Marehemu bibi yangu alinikalisha kwenye mbuzi nikiwa na miaka 7. Ukikandamiza, meno yanafika kwenye kifuu, nazi inachanganyika na vumbi la kahawia, na kofi linafuata. Miaka 30 baadaye nikashika mashine ya kusaga chokaa ndani ya mishipa ya moyo. Kichwa chake kina umbo la yai, mbele kimepakwa chembe za almasi, upana milimita 1.5 hivi, kinazunguka kwenye waya kama uzi, mara 150,000 kwa dakika. Kinyume cha mbuzi, hiki hukuna kigumu, ukuta laini ukanesa na kukwepa. Punje za unga wake ni ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Unapita, ini na wengu vinauzoa. Lakini sheria ni ya bibi: usikandamize. Gusa, rudi, gusa, rudi, sekunde 20, pumzika.

Sasa aibu yangu. Mzee mmoja, kisukari cha miaka mingi. Mshipa wake wa kulia wa moyo, kwa chokaa iliyojaa, ulijichora wenyewe kwenye skrini, kama reli mbili, kabla hatujaingiza dawa ya rangi. Puto la kupanulia mshipa likagoma kupita. Nikawasha mashine, nikasukuma. Mlio ukashuka, kutoka wa mbu hadi wa nyuki. Muuguzi akasema, "Daktari, mizunguko inapungua." Ikipungua 5,000, unarudi nyuma, hilo nilikuwa nawafundisha wengine. Nikasukuma tena, bingwa mimi. Kichwa kikanasa. Tulihangaika dakika 40 kukitoa. Mzee alipona; mimi nililoa jasho mpaka soksi.

Ugomvi wangu na taaluma yetu ni huu: tunamkomaza daktari mpaka sauti ya muuguzi inakuwa kelele masikioni mwake. Nimeona hivyo wodini, leba, kila mahali. Na ile redio ya chumba cha upasuaji, jamani, izimeni! Taarabu naipenda, ila huwezi kuusikia mshipa na Taarabu kwa pamoja.

Yule muuguzi amestaafu. Yupo safu ya tatu, kitenge cha njano, mwanawe anahitimu leo. Amenikataza nisimtaje jina. Safari hii nimemsikia.