Maji Yaliyosahauliwa Ndani ya Karavani



Majani yameanza kupukutika, na karavani yetu imeegeshwa kando ya nyumba mpaka Mei. Leo nasema na wenzangu wa hapa Minnesota mlionunua hizi nyumba za magurudumu ili mpige kambi kando ya maziwa wakati wa joto. Msifunge mlango mkaondoka. Ndani mmeacha maji.

Tuliokulia Mombasa na Dar es Salaam tunaijua soda iliyosahauliwa kwenye friza: asubuhi unakuta chupa imepasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hakuna bomba la plastiki wala koki ya shaba itakayoyazuia. Hapa friza ni jimbo zima. Kule Tower, kaskazini, tarehe 2 Februari 1996, baridi ilifika nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri.

Mwaka wetu wa kwanza nilidhani nimemaliza kazi. Nilimwaga tangi la maji safi, nikamwaga na matangi ya maji machafu, nikafungua koki zote za chini. Nikalisahau bafu la nje, kile kibomba kilichojificha nyuma ya kimlango cha ubavuni, tunachosuuzia miguu yenye mchanga. Maji yake hayakujaza kikombe. Aprili nilipowasha pampu, nikasikia mchirizi ndani ya ukuta. Koki ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na baada ya siku mbili za kuvuja bila mimi kujua unakotoka mchirizi ule, ubao wa nyuma ulikuwa umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Siku hizi naanza na hita ya maji. Naizima, naiacha ipoe kabisa, ndipo nafungua kizibo chake maji yatoke. Kisha nageuza valvu ili dawa ya kuzuia kuganda isiingie kwenye tangi la hita, la sivyo utamimina galoni 6 bure. Halafu pampu inavuta dawa, nami nafungua bomba moja moja, la moto na la baridi, mpaka itoke rangi ya waridi. Jikoni, bafuni, chooni, na lile la nje! Kila tundu la sinki nalo nalimiminia kikombe, maana bomba la chini limepinda na maji hubaki kwenye kiwiko.

Kuhusu dawa hiyo nawasihi sana, hasa wenye watoto. Msichukue ile ya injini ya gari. Ile aghalabu ina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu, na kiasi kidogo tu chaweza kumuua mtoto au mbwa. Nunueni ya propilini glaikoli, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa, na hata hiyo muisuuze vizuri kabla ya kuanza kutumia maji tena.

Betri nayo ichomoeni, muichaji ijae. Iliyoisha nguvu huganda upesi, iliyojaa huvumilia.

Kazi yote ni ya mchana mmoja. Jumamosi hii, kabla ya theluji ya kwanza, zungukeni karavani zenu mkifungua kila kimlango, hata kile msichokitumia.