Supavaiza Wako Naye Hapumui



Leo tuzungumze kuhusu supavaiza. Naona wengine mshakunja uso!

Mwaka jana vijana wa godauni moja hapa Mombasa walinijia. Supavaiza wao, Muislamu mwenzao, anawanyima ruhusa ya kwenda Ijumaa. Dada mmoja alikatazwa hata kumpeleka mtoto hospitali. Nikaenda nimejaa hasira, barua mkononi, jina lake juu kabisa.

Yule bwana akaniambia, "Ndugu yangu, mimi leo siku ya tatu sijamwona mwanangu akiwa macho." Ana watu 12 kwa kazi ya watu 18. Mzigo ukichelewa, anakatwa yeye. Usiku meneja anampigia simu. Akimwachilia mmoja, hana wa kuziba pengo. Na rota haipangi yeye.

Simtetei. Haki ni haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakulinda usinyimwe kazi kwa sababu ya dini yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo. Mama anapata miezi mitatu ya uzazi, baba wiki mbili. Lakini supavaiza naye ni muajiriwa, na sheria hiyo ni yake pia. Asiyepumua atakupa wewe pumzi gani? Akifukuzwa huyu, atakuja mwingine abanwe vilevile, naye akubane wewe.

Ile barua tuliichana. Tukaandika nyingine kwa mwenye kampuni, na supavaiza akatia sahihi pamoja nao, ingawa alijua anaweza kupoteza kazi. Tulidai rota itoke mapema, waongezwe watu wawili, na asikatwe pesa mtu akienda kuswali au kuuguza. Watu wawili hatujapata, bado tunadai. Rota tumepata, na Ijumaa kazi inasimama saa sita na nusu mpaka saa nane.

Kwa hivyo, kabla hujamtukana supavaiza wako kwenye grupu la WhatsApp, muulize: Una watu wangapi? Mzigo ukichelewa nani anakatwa? Rota anapanga nani? Hapo utajua mlango wa kubisha.

Na wewe uliyepandishwa cheo juzi, uongozi ni amana na tutaulizwa. Usiseme "nimeambiwa tu" kisha ukanyamaza. Njoo tudai pamoja.

Wabillahi tawfiq.