Swali Ndani ya Swali

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni: SWALI NDANI YA SWALI.

Tuseme chama cha ushirika wa pamba kina orodha mbili katika kompyuta. Ya kwanza ni ya wanachama: namba, jina na kijiji. Ya pili ni ya stakabadhi: namba ya mwanachama, kilo alizoleta, na kama amelipwa. Karani anataka kujua ni stakabadhi zipi za watu wa Mtoni ambazo hazijalipwa.

Tazameni vizuri. Stakabadhi haitaji kijiji, inataja namba tu. Basi kwanza tujue nani anakaa Mtoni, ndipo tutafute stakabadhi zake. Swali moja limo ndani ya jingine.

Hifadhidata hulijibu la ndani, na jibu lake likatumika katika la nje. Karani anauliza mara moja tu. Lugha ya kuuliza hivyo, ambayo leo huitwa SQL, ilielezwa mwaka 1974 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM.

Mtambo wa kutafuta maneno, kama Elasticsearch, ni kitu kingine. Hufanya kazi kama faharasa ya mwisho wa kitabu: kila neno, na mahali lilipo. Ukitafuta neno "mchwa" katika barua elfu nyingi, utazipata upesi sana. Lakini kwa orodha zetu mbili, kwa kawaida karani hana budi kuuliza mara mbili. Apokee namba za watu wa Mtoni, kisha azitie mwenyewe katika swali la pili.

Hapa pana hatari. Usipoiambia Elasticsearch idadi unayotaka, hukuletea majibu 10 tu. Mtoni ina wanachama 14! Hesabu ya wote imo katika jibu, lakini karani mwenye haraka haisomi. Watu wanne wanakosa fedha za pamba yao, na kompyuta haikuonyesha kosa lolote.

Wengine huandika kijiji katika kila stakabadhi tangu mwanzo, na swali likawa moja. Njia hiyo naipenda, ila mtu akihama, stakabadhi zake zote ziandikwe upya. Kwa fedha, mimi ningetumia hifadhidata. Mtambo wa maneno ningeuachia barua.

Sasa kazi yenu. Darasa lina orodha ya wanafunzi na vijiji vyao, na orodha ya vitabu na namba za walioviazima. Ni vitabu gani viko Mtoni? Andikeni kwanza swali la ndani. Kwaherini.