Wakili Anayesimama na Mshtakiwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya wakili wa utetezi katika kesi za jinai. Kazi hii haina wapenzi wengi. Mtu akishakamatwa, mtaani huitwa mwizi kabla hakimu hajamsomea mashtaka, na wakili anayesimama kumtetea huhesabiwa kuwa mshirika wake. Ili tuione thamani ya kazi yenyewe, yafaa tutazame maisha ya wakili mmoja ambaye historia ya Afrika Mashariki inamfahamu vizuri: Denis Nowell Pritt.

Pritt alizaliwa Uingereza mwaka 1887, akaanza uwakili mwaka 1909. Kesi za biashara zilimpa jina na fedha, na mwaka 1927 alitunukiwa cheo cha Wakili wa Mfalme. Angeweza kuridhika na hayo. Lakini alichagua kuwatetea watu ambao dola ilikuwa imekwisha kuwachukia. Mwaka 1932 alishughulikia rufaa ya Ho Chi Minh, aliyekuwa amekamatwa Hong Kong, na yakafikiwa mapatano kwamba asipelekwe mikononi mwa Wafaransa. Mwaka 1954 aliwatetea wanafunzi wa chuo kikuu huko Singapore, walioshtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala katika gazeti lao. Wote waliachiwa.

Lakini kesi iliyompima kuliko zote ilikuwa ya Kapenguria. Mwishoni mwa mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano, yaani Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba, walishtakiwa kuwa viongozi wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilichagua mahali pa mbali, pasipo na reli wala simu, na mawakili wakalazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Pritt hakuwa peke yake. Alikuwa na Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa Nairobi, A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Alipopeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa Uingereza akilalamika kwamba haki inanyimwa, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Akashinda, akarudi kuendelea na utetezi.

Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani wote sita. Baadaye ilibainika kwamba hakimu huyo alikuwa amelipwa na serikali paundi 20,000. Mwaka 1958 shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Je, Pritt alishindwa? Mahakamani, naam, alishindwa. Lakini maswali aliyowauliza mashahidi yaliandikwa katika kumbukumbu za mahakama, na kumbukumbu hizo hazikuweza kufungwa jela pamoja na washtakiwa.

Mwaka huo huo wa 1958 Pritt alikuja Dar es Salaam kumtetea Mwalimu Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu maafisa wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU. Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akailipa faini, akarudi kwenye kazi ya kudai Uhuru.

Ndugu zangu, tusimfanye Pritt malaika. Mwaka 1936 alihudhuria mjini Moscow kesi ya Zinoviev na wenzake, akaandika kwamba ilikuwa ya haki. Leo tunajua kwamba kukiri kwa washtakiwa wale kulipatikana kwa mateso na vitisho. Mtu aliyeiona dhuluma ya mkoloni kwa macho makali hakuiona dhuluma ya serikali aliyoipenda. Hili ni onyo kwetu sote: haki haipimwi kwa kuangalia nani ameshika rungu, bali kwa kuangalia kama mshtakiwa amesikilizwa.

Katiba yetu, katika Ibara ya 13(6), inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, tena asitendewe kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike. Na mwaka 1984, haki za msingi zilipoingizwa katika Katiba, maneno hayo hayakuwekwa kwa ajili ya mahakimu peke yao. Mwalimu mkuu anayemfukuza mwanafunzi kwa maneno ya mtu mmoja, na mkuu wa idara anayemsimamisha karani kwa barua isiyo na jina, hawa nao ni mahakimu, ingawa hawavai joho. Watoto wakizoea shuleni kuona mwenzao anaadhibiwa bila kuulizwa, watakapokuwa watu wazima hawatashangaa kuona hayo yakitendeka mahakamani.

Kwa hiyo, kabla hatujatia sahihi barua ya adhabu, yatupasa tumwite mtuhumiwa, tumsomee tuhuma, tumpe nafasi ya kujibu, na tumruhusu awe na mtu wa kumsemea. Wakili anayesimama na mshtakiwa hasimami na kosa. Anasimama kati ya raia na kosa ambalo sisi wenye madaraka tunaweza kulitenda. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.