Fuata Njia ya Mafuta Kabla ya Kununua Kabureta

(Mazungumzo ya fundi wa pikipiki kwa wahitimu wa kisomo, Majengo, Mpanda)

 

Mmeniomba nizungumze juu ya kabureta. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mzee mmoja alikuja kwangu na pikipiki yake. Anatoka kijiji kimoja upande wa barabara ya Karema. Akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki kinawaka vizuri. Kinakwenda mwendo wa nusu saa, halafu kinazimika. Nikipumzika kidogo, kinawaka tena."

Mimi sikupima kitu. Nilimjibu hivi hivi tu, "Mzee wangu, kabureta imekwisha. Nunua mpya." Akanunua kwa fedha ya mahindi yake. Nikaifunga.

Siku chache baadaye, usiku, alikuwa anampeleka binti yake mjamzito hospitali. Pikipiki ikazimika porini, vile vile kama zamani. Walikaa gizani muda mrefu, binti ana uchungu. Bahati nzuri gari likapita, likawachukua. Mtoto akazaliwa salama.

Mzee aliporudi kwangu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, angalia tena." Nikafungua kifuniko cha tangi. Nikasikia hewa inaingia, fyuuu! Tundu dogo la kwenye kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi. Nikalisafisha. Kazi ya dakika mbili, na hapakuwa na kitu cha kununua. Fedha ya ufundi nilimrudishia. Usiku ule sikuweza kumrudishia.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: fuata njia ya mafuta hatua kwa hatua, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini. Usinunue kitu kabla ya kufika mwisho wa njia.

KABURETA NI NINI?

Injini ya petroli haiwaki kwa petroli peke yake. Inataka petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya vitu hivyo viwili kwa kipimo.

Ndani yake mna bakuli dogo la petroli. Ndani ya bakuli mna boya. Boya linaelea kama kibuyu kisimani. Bakuli likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano, na sindano huziba njia ya mafuta. Mafuta yakipungua, boya hushuka na njia hufunguka.

Juu ya bakuli kuna koo jembamba. Injini huvuta hewa kupitia koo hilo. Hewa ikipita kwa kasi, huvuta petroli kupitia vitundu vidogo sana. Mafundi tunaviita jeti. Ni kama lile bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu: ukisukuma hewa, dawa inatoka kama ukungu.

Magari mengi mapya hayana kabureta. Mashine za kusaga za dizeli nazo hazina. Lakini pikipiki nyingi tulizonazo hapa zinayo, na magari ya zamani ya petroli yanayo. Hata magari ya mbio yalikuwa nayo. Gari aina ya Datsun 240Z lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Mwaka 1973 likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lile la mbio na pikipiki yako ya kubebea mkaa zinafuata kanuni ile ile: mafuta safi, hewa safi, kipimo sawa.

KWANZA USALAMA

Kabla hujagusa kitu, sikilizeni sana. Petroli inatoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye jiko au kibatari, hata kama viko mbali kidogo. Kwa hiyo fanya kazi nje, mchana, injini ikiwa imepoa. Usivute sigara. Usimulike kwa kiberiti.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mkimbizeni kituo cha afya. Na petroli isiwekwe ndani ya nyumba katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kama ni petroli au maji.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tazama tangi na koki. Je, mafuta yapo? Koki imefunguliwa? Msicheke. Wengi wamesukuma pikipiki mpaka gereji, kumbe koki imefungwa.

2. Fungua kifuniko cha tangi. Pikipiki ikizimika njiani, kisha ukifungua kifuniko inawaka na kwenda vizuri, basi tundu la hewa limeziba. Kina mama mnajua jambo hili. Ukitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa hayatoki vizuri. Ukitoboa la pili hewa inaingia, na maziwa yanatoka. Tangi nalo ni hivyo hivyo.

3. Pima mafuta. Chukua chupa safi ya kioo. Toa petroli kidogo kutoka kwenye bakuli la kabureta kwa kulegeza skrubu ya chini. Iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini. Ukiona mstari katikati, umeshapata ugonjwa wako. Mwaga mafuta hayo mbali na moto na mbali na kisima. Safisha tangi. Wakati wa masika jambo hili hutokea sana, maana mafuta ya madumu huingia mvua.

4. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, kisha fungua koki. Petroli itoke mfululizo. Ikitoka kwa matone, chujio la koki limeziba, au mpira umejikunja.

5. Tazama chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini inakosa hewa. Inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta mengi. Lisafishe, au libadilishe. Lakini usiliondoe ukaendesha bila chujio! Vumbi la kiangazi la barabara zetu litaingia ndani na kula pistoni na ringi. Utaokoa shilingi mia na kupoteza injini.

6. Tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa ya wizi inaingia. Sailensa inapanda na kushuka, haitulii.

7. Fungua plagi uitazame. Plagi ikiwa nyeusi na ina masizi, mara nyingi mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe sana, mafuta ni machache. Ikiwa imelowa petroli, injini imefurika. Na kama plagi haitoi cheche, basi acha kabureta. Ugonjwa uko kwenye umeme.

8. Sasa ndipo ufungue kabureta. Kama petroli inachuruzika nje bila kukoma, toa boya ulitikise. Ukisikia mafuta ndani yake, limetoboka. Kama ni zima, tazama sindano. Chembe moja ya mchanga inatosha kuizuia isifunge. Kama injini inawaka kwa choki tu na kuzimika choki ikirudishwa, mara nyingi jeti imeziba. Ioshe kwa petroli safi, kisha ipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiichokonoe kwa waya wala msumari. Ukipanua tundu lile, kipimo kimeharibika, na pikipiki itakunywesha mafuta kila siku.

MAFUTA YALIYOCHAKACHULIWA

Lipo jambo moja ambalo chupa ya kioo haliwezi kuonyesha. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, haijitengi. Serikali ilipambana na mchezo huo. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwatambua wachakachuaji. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Wewe na mimi hatuna kipimo cha vinasaba. Ngao yetu ni kununua kituo kinachojulikana na kudai risiti. Risiti sasa mnaweza kuisoma: aina ya mafuta, lita ngapi, bei gani, tarehe gani. Hiyo ndiyo faida mojawapo ya kisomo.

Fanyeni jambo moja zaidi. Chukueni daftari. Kila ukitia mafuta, andika tarehe, lita, na mahali uliponunua. Pikipiki ikianza kuugua, fungua daftari. Utaona ugonjwa ulianza baada ya kununua wapi.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, pikipiki kwetu hapa ni gari la wagonjwa, ni lori la mahindi, na ni ada ya shule. Ikizimika porini, anayeumia si mwenye pikipiki peke yake. Kwa hiyo fundi akikuambia "nunua mpya", muulize kwa heshima, "Fundi, umepima nini?" Fundi mwema hatakasirika. Na mimi mniulize vile vile.



MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kifuniko cha tangi kina tundu?
2. Utajuaje kwamba petroli ina maji?
3. Mtu akimeza petroli mtafanya nini?
4. Kijijini kwenu petroli inahifadhiwa wapi? Je, mahali hapo ni salama kwa watoto?